Wimbo Nilioutunga kwa Nusu Kilo ya Sukari

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama iliyopita jana. Nilikuwa nimeolewa Bokoli mwaka mmoja tu, na tulikuwa tukipalilia mahindi ya Kukhu Nelima, nyanya wa mume wangu. Tulikuwa mimi, Nafula, Nasambu, Naliaka, na Kukhu mwenyewe. Akaja kijana wa chuo kikuu, jina lake Mutua, na mashine ya kunasa sauti. Chuo kilikuwa kimempa pesa za kutafuta nyimbo za zamani, naye alikuwa amenunua sukari. Ukiimba wimbo mmoja wa palizi, unapewa nusu kilo.

Sukari wakati huo ilikuwa kitu! Nafula aliimba tatu. Mimi niliimba mbili, zikaniishia, na tamaa ikanishika. Nikafungua mdomo nikaimba wimbo ambao hakuna mtu aliwahi kuusikia, hata mimi mwenyewe. Kijana akauliza, "Huu ni wa nani?" Nikajibu bila haya, "Wa nyanya yangu Nanjala. Alifundishwa na mama yake." Akaandika. Wenzangu wakainamia majembe yao wakicheka chini chini.

Kukhu Nelima hakucheka. Tulipokuwa mtoni tukiosha majembe, akaniambia, "Msichana, umemtoa Nanjala kaburini umemtuma dukani? Kesho, mgeni kabla hajaondoka, enda umwambie ukweli."

Sikuenda. Asubuhi nilimwona akifunga mashine yake kwa baiskeli, nikajificha jikoni mpaka akapita. Kutunga wimbo si dhambi, mwanangu. Nyimbo zote zilitungwa na mtu. Lakini nilimsemesha marehemu jambo ambalo hakulisema, na nilipopewa nafasi ya kurekebisha nikanyamaza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole kinapona.

Miaka ikaenda. Tukahamia Saboti na mzee wangu Wanjala, Mungu amrehemu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilinifuata mpaka huku mlimani. Tena wanasema majuto ni mjukuu, na yangu yaliingia nyumbani yakiwa na simu mkononi. Nekesa, mtoto wa binti yangu Nasimiyu, anafundisha shule huko Kitale. Alikuwa akitafuta ufadhili wa kusomea historia ya muziki mpaka shahada ya juu kabisa, maana mshahara wa mwalimu unajulikana, peke yake hangeweza.

"Kukhu, sikiliza," akasema. "Wimbo huu niliupata kwa maktaba. Wenye ufadhili wameupenda sana, ati ndio wa zamani kuliko zote. Utafiti wangu wote nimeujenga hapo. Jumatatu natuma karatasi za mwisho."

Akabonyeza. Nikasikia sauti yangu ya usichana.

"Nekesa, huyo ni mimi."

"Ati wewe! Kukhu bana, si ungesema mapema! Wewe ni dhahabu!" Akanikumbatia.

"Ngoja kwanza. Wimbo huo si wa zamani. Niliutunga pale pale shambani, mbele ya kina Nafula na Nasambu, nikitaka sukari."

Mikono yake ikalegea. Akauzima wimbo. Kisha akasema polepole, "Si tunyamaze tu, Kukhu? Watu wa shamba lile wote walishakufa."

"Mimi bado."

Alilia, mwanangu. Aliondoka bila kula. Lakini Jumatatu aliwaandikia ukweli wote, na ufadhili hakupata. Tangu kupanda mpaka kuvuna sikumwona. Kila asubuhi nilimwombea, nikitaja jina lake kwanza kabla ya wengine. Siku moja nikiwa napukuchua mahindi, akatokea na daftari jipya, akakaa chini kando yangu. "Kukhu," akasema, "Nafula na Nasambu waliimba nini?" Nikamwimbia. Ameomba ufadhili tena. Hatujajibiwa.

Kwa hivyo wewe unayetafuta pesa za kusomea muziki wa watu wetu, nisikilize. Usinunue wimbo kama kabichi sokoni, maana mwenye shida atakuuzia hata kile hana. Kaa na watu kwanza, palilia nao, kula chakula chao. Shukrani utatoa baadaye. Usiulize tu wimbo ni wa nani, uliza na nani mwingine anaujua. Na ukigundua nguzo yako imeliwa na mchwa, ing'oe mwenyewe kabla hujaezeka, hata kama Jumatatu ni kesho. Pesa za utafiti zinaweza kuja mwaka mwingine. Marehemu uliyemsingizia hawezi kurudi kujitetea.

Wele, Mungu wa baba zetu, akufungulie mlango wa elimu, na mikono itakayokufadhili iwe safi. Wazee wakuimbie bila kukuficha. Na siku utakaposimama kusoma ulichoandika, walio hai na waliolala wasikie majina yao waseme, ndiyo, ni sisi.