Kiganja cha Nyongeza

Mtunza ghala la chakula cha msaada hapa Kasese alianza na chumba kimoja kule Bwera, magunia machache ya mahindi na kopo la kupimia. Siku hizi malori humletea maharage kutoka Munkunyu, na mizani imechukua kazi ya kopo. Mkono wake tu ndio haujakubali. Mizani ikishatulia, huchota kiganja kingine na kukimimina kwenye mfuko wa mtu, macho yakiwa mlangoni. Miaka yote ninayomsaidia hapa ghalani nilijiuliza kwa nini. Juzi, akimpimia mke wa askari, nikashindwa kunyamaza.

“Hajati, kilo si zimetimia?”

Alingoja yule mama atoke.

“Sokoni mutu akinunua, unamuongeza. Hapa nisipomuongeza, atajua yeye iko naomba.”