Modesta Alivyoikalia Mikono Yake

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi nitamsifu Modesta akiwa hayupo, maana anastahili.

Programu yake ya kwanza aliiandikia mtambo wa umeme wa maji wa kijijini kwao, karibu na Bumbuli. Kila asubuhi wakulima walipofungulia mifereji ya kabichi, maji mtamboni yalipungua na umeme ukazimika kote, hadi zahanati. Programu ikawa inapima maji na kupunguza matumizi kwa zamu: kwanza mashine ya kusaga, kisha nyumba, zahanati mwisho kabisa. Kijiji kikatulia.

Kijiji cha pili kilipoiomba, Modesta akaona aibu. Vipimo vya kwao na aina ya mita za kwao alikuwa amevikoroga humo humo ndani ya programu, haikufaa popote pengine. Mwezi mzima akaifumua. Sehemu ya kuamua nani azimiwe umeme kwanza akaitenga, isiguswe. Kila aina ya mita akaiandikia kipande chake kidogo. Mambo ya kijiji husika akayaweka kwenye fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Akajiapiza kwamba wanakijiji wasipoweza kuifunga kwenye kompyuta bila yeye, hajafanya kazi.

Siku ya kuifunga akamkabidhi kompyuta Mzee Hezekia, mtunza mtambo wa kijiji hicho cha pili, mwenye miaka sitini na mitatu.

"Shikamoo, mzee. Kazi ni yako."

"Marahaba. Yaani umepanda milima yote hii uje kunitazama nikiharibu?"

"Nimekuja kutazama kama mimi ndiye niliyeharibu."

Modesta akaikalia mikono yake, kweli kabisa, akaibana chini ya mapaja. Mzee akajaza fomu kwa kidole kimoja, akakosea jina la mita. Programu ikamjibu kwamba mita hiyo haiijui, ikamwonyesha inazozijua. Mikono ilimwasha Modesta jamani, lakini haikutoka. Mzee akachagua upya.

Saa tatu mifereji ikafunguliwa. Mashine ya kusaga ikanyamaza, taa ya zahanati ikaendelea kuwaka.

"Kumbe," akasema Mzee Hezekia polepole, "aliyeandika hii alijua kwamba nitakosea."

Miezi minne baadaye, sokoni Lushoto, Modesta alikaa jirani na Klara, muuguzi kutoka Bungu, wakichagua mapeasi. Klara akamsimulia kwamba zahanati yao haizimiki tena. Mzee mmoja, Hezekia, alikuja na programu kwenye flashi, akaifunga kwa siku moja akaondoka.

"Aliyeitengeneza hatumjui," akasema Klara, "ila Mungu ambariki."

"Amina," akajibu Modesta. Hakuna aliyekuwa amempigia simu kuomba msaada, hata mara moja.