Kikwembe Changu na Amri ya Kushuka

Wacheni kucheka kwanza. Najua mlishasikia, Kindu hii hakuna kinachofichika, na ni kweli: mimi Mama Zaina, muuza sabuni na chumvi, binti wa watu wa msikitini, nilionwa na nusu ya mtaa wa Kasuku nikiwa na kombinezo ya ndani, ile nyeupe yenye kiraka, drapo ya taifa inapanda juu na kikwembe changu kinashuka chini. Aibu niliipata, siikatai. Ila niwaeleze mwenyewe, maana huko sokoni mnaisimulia vibaya.

Mnajua miguu yangu ilikufa nikiwa mutoto wa miaka mitatu. Natembea na kigari changu cha magurudumu matatu, kile cha kuzungusha cheni kwa mikono, kwa hiyo mikono njo miguu yangu. Sasa, wakati wa vita, wanajeshi walioshika mji walikaa kwenye ofisi moja pale barabarani (siitaji, mnaijua), wakatoa amri kwamba muntu yeyote mwenye magurudumu akifika mbele ya ule ukuta ashuke, asukume kwa mikono mpaka aumalize, ndipo apande tena, na aliyekataa alikula fimbo. Siku ya kwanza niliwaambia siwezi kushuka. Askari akaniangalia miguu, akasema, "Basi usipite." Nikaanza kuzunguka nyuma, njia ya matope, miaka yote ile ya vita.

Vita ikaisha, wale wakaenda zao, ofisi ikarudi kwa serikali, ikapakwa rangi, na watu wa Kindu, wallahi sijui tuna nini, wakaendelea kushuka! Vijana waliozaliwa vita imekwisha wanashuka na hawajui kwa nini wanashuka. Na mimi naendelea kuzunguka, maana getini bado iko sentinele yule yule wa zamani, Papa Ramazani, na kila ukimuuliza anakujibu, "Amri haijatanguliwa."

Haijatanguliwa! Anamwambia nani? Hilo neno mimi nimelila na maziwa. Nilikaa mkekani kwa mwalimu wetu wa Kurani miaka minne tukiimba vinavyotangua udhu. Uchumba wa mdogo wangu ulitanguliwa, mbuzi wakarudishwa kwao. Mahakamani wanatangua hukumu, Kinshasa wanatangua sheria, na maana ni ile ile moja, kwamba kitu kilikuwa kinafunga watu na sasa hakifungi tena. Lakini mwalimu alitufundisha na jambo ambalo Papa Ramazani hakulisikia: udhu haungoji barua, kinachoutangua kikitokea umetanguka, hata kama hakuna aliyekuona. Mimi nikajiwazia na amri za vita ni hivyo hivyo, walioziweka wakiondoka zimekwenda nao. Nilikuwa nawaza hivyo kimya kimya, na kuzunguka nazunguka.

Mpaka siku ya meza. Mnakumbuka ile hangari mpya ya soko, yenye bati juu na simenti chini? Jina langu lilikuwa kwenye orodha, meza ya karibu na mlango, mahali kigari kinaingia bila kunyanyuliwa na muntu. Sharti lilikuwa uwepo mwenyewe saa mbili asubuhi, jina linaitwa mara tatu, usipoitika meza inapewa mwingine, na huyo mwingine alikuwa amekwisha kufika na kuanza kuifuta. Miaka na miaka nauzia chini, mvua ikinyesha wenzangu wanakimbia, mimi nabaki pale pale na sabuni zangu zinatoa povu. Ile meza niliitaka kuliko kitu chochote.

Basi nikavaa kikwembe kipya, kipana, cha maua ya njano (kosa la pili hilo, la kwanza linakuja), nikatoka saa moja na kitu. Nikakuta mvua ya usiku imekata njia ya nyuma, shimo la kumeza gari. Nikageuza. Nikaingia barabara kubwa moja kwa moja.

"Mama Zaina, unaenda wapi? Shuka," Papa Ramazani akasema, ametoka getini mpaka mwanzo wa ukuta kunizuia.

"Nishuke na miguu ya nani?"

"Basi zunguka."

"Nyuma kumekatika, Papa. Kwani wewe hukusikia? Amri imetanguliwa."

Hapo njo kosa langu la kwanza. Nilisema uongo, tena kwa sauti ya muntu aliyesoma.

"Lini?"

"Jana. Ilisomwa."

Akashusha fimbo yake. Na nyuma yangu walikuwa wanasukuma wale wa baiskeli waliotoka mbali, huko Tunda, na mafuta ya mawese, watu kumi na zaidi, wamechoka mpaka macho. Mmoja akapiga kelele, "Mama anasema imetanguliwa!" Wee! Wote wakapanda. Na watu wa pikipiki wakawasha. Nikajikuta naongoza msafara kama gavana, kengele zinalia, vijana wanapiga miluzi, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia utamu.

Tukafika katikati ya ukuta, firimbi ikalia. Saa ya drapo! Mnajua hapa kwetu, drapo ikipanda kila muntu anasimama pale pale, hata mwenye mzigo kichwani, hata pikipiki inazimwa. Wote wakasimama, kimya kabisa. Na mimi nikashika breki. Breki yangu ni kipande cha mpira wa gurudumu, na kilikuwa kimelowa, na pale pana mteremko unaoingia getini mpaka uwanjani. Kigari kikaendelea.

Polepole! Kingekwenda mbio afadhali, watu wangesema ajali. Kilikwenda polepole, krii, krii, krii, muntu mmoja tu anayetembea katika mji mzima, mbele ya mapolisi waliopiga saluti, na cheni ikaanza kula ncha ya kikwembe. Navuta, inavuta. Nanong'ona "Astaghafiru, astaghafiru." Maua ya njano yakaingia moja moja, mpaka cheni ikashiba ikakwama, na kigari kikasimama chini ya mlingoti wenyewe, mimi nikiwa na kombinezo.

Shefu wa ofisi akangoja drapo ifike juu (heshima anayo), kisha akageuka, akaona baiskeli na pikipiki zimejaa barabarani na hakuna aliyeshuka.

"Nani amewaambia mupande?"

Vidole vyote vikanielekea mimi, hata cha Papa Ramazani.

"Mama, uko na karatasi?"

"Sina."

"Hiyo amri haiko abrojé, haijatanguliwa. Amri inaondoshwa na amri ingine, yenye saini na muhuri. Wewe njo nani wa kuitangua?"

Watu wakacheka. Nikajifunika na katoni ya sabuni. Saa mbili ilikuwa inakuja, nikaiona ile meza inaondoka na mwenyewe niko pale nimefungwa na nguo yangu. Hasira ikanipanda mpaka nikasahau kiraka.

"Na yenyewe iko na karatasi? Niletee, shefu. Nione saini ya aliyesema mimi nishuke."

Akamtuma sekretere kabatini. Tukangoja. Yule akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shefu, hakuna."

"Kama haiko, siwezi kuitangua," shefu akasema, tena kwa furaha ya muntu aliyeponea chupuchupu. "Kitu hakiko unakitangua namna gani?"

"Asante! Kama hakiko, mimi nazunguka matope miaka yote hii kwa sababu ya nini?"

Hakuna aliyecheka. Nikasikia machozi yananijia, nikayakataa, sikutaka mlingoti ule unione nalia.

Papa Ramazani ndiye aliyesogea, amevua kofia. "Shefu, na mimi je? Hapa niliwekwa na wale wa vita. Hakuna aliyeniambia niondoke. Kila shefu anayekuja ananikuta getini, anafikiri niliandikwa na yule wa mbele yake."

"Ee Mungu wangu," shefu akasema, akaingia ndani akafunga mlango.

Basi yule mzee akachomoa kisu, akakata kikwembe changu (kipya, jamani!), akavichomoa vipande kwenye cheni, akanivika koti lake la mvua, lile refu la kijani lenye vifungo vya shaba, akashika kigari kwa nyuma na kusukuma. Alikimbia yule mzee! Na baiskeli za Tunda zikatufuata, wote wamepanda. Tukaingia hangari karani anaita, "Mama Zaina, mara ya tatu!" Akaona lile koti, akafikiri mapolisi wamekuja, akanyamaza na kalamu juu. Nikapiga kelele, "Niko!" Na yule mwenye kitambaa akaacha kufuta meza yangu.

Karatasi haijatoka mpaka leo. Wengine bado wanashuka, siwalaumu, fimbo walizila kweli. Papa Ramazani bado iko getini, hajui kama ameajiriwa au hapana, na kila asubuhi ananiambia, "Mama Zaina, shuka," kisha ananishikia kigari pale kwenye mteremko nisiende tena kusalimia drapo. Mimi nimeapa mambo mawili: sitadanganya tena kwamba kitu kimesomwa wakati hakikusomwa, na sitapanda kigari na kikwembe kipana bila kukifunga na kamba. Lakini ile njia ya nyuma, hiyo nimeitangua mwenyewe, bila karatasi, na anayebisha aje kwenye meza ya kwanza mlangoni, nipo.