Saa Ambayo Baba Hakuniletea

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, na kibao chake kinasema hivyo kwa herufi nyekundu, ingawa kazi ninayoifanya kutwa ni kubadilisha vioo vya simu na kuchokonoa matundu ya chaji yaliyojaa mchanga. Saa zikija huja zimekufa, na nyingi zinataka betri tu. Mwenye nayo anasimama juu yangu anapumua, nikimaliza ananiambia, "Kumbe kitu kidogo hivyo!" Ndiyo bwana, kidogo sana. Ndiyo maana umepanda bodaboda kukileta.

Marehemu baba yangu aliniletea kila kitu. Aliniletea saa ya ukutani ya msikiti wao kule Miburani, redio, tochi, feni, mpaka meno ya bandia ya rafiki yake, nimgundishie jino moja lililong'oka. Kitu kimoja hakuniletea: saa iliyokuwa mkononi mwake. Aliivaa miaka kumi na moja. Saa ya Kijapani, ya kutia ufunguo kwa mkono, haina betri wala haina habari na betri, ya namna ambayo mimi nilikuwa nikiiona kwenye picha tu na kumeza mate. Mtoto wake wa kumzaa ni fundi saa, na saa pekee ya maana kisiwani iko kwake, na hairuhusiwi kuguswa. Nikimsogelea, anashusha mkono wa kanzu. Iliniuma, na sitasema iliniuma kidogo.

Aliipataje? Baba alikuwa seremala. Alikwenda Utende kutengeneza milango ya hoteli moja, na mgeni mmoja mzee wa Kijapani, badala ya kwenda kuogelea na papa potwe kama wenzake wenye akili, akavuta kiti akakaa siku nne kumtazama baba anavyochonga viungo vya mbao. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Baba akisema "shika hapa", mzee anashika. Siku ya tano mzee akavua saa akampa. Nilimuuliza baba sababu. "Tulielewana," akanijibu. Mimi na yeye tunaongea lugha moja tangu nimezaliwa, sijapata hata mkanda wake.

Barazani walimwambia ni feki. Baba akakubali haraka sana: "Feki, ndiyo, tena feki mbaya." Kwa hiyo hakuna aliyetaka kuiazima aende nayo harusini. Mzee wangu alikuwa na akili yake.

Mwaka jana alifariki, homa ya siku tatu, hata hatujajua tumpeleke wapi. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani bila kujipamba. Shangazi, dada yake baba, akahamia na godoro lake kuhakikisha eda inakaliwa sawasawa, maana mama ana umri wa miaka sitini na nane na huenda akatoroka. Wiki ya kwanza shangazi akaanza na saa. Mama alikuwa ameiweka chini ya mto, na kila jioni anaitoa, anaitia ufunguo, anaishika. Shangazi akauliza kama hilo si pambo. Mama akamjibu kwamba saa ya kiume yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa haijampendezesha mwanamke yeyote duniani.

Mimi nikawa nakwenda kila Ijumaa baada ya sala. Mtoto mwema, watu wakanisifu. Ijumaa ya pili nikamwambia mama saa ile inataka kusafishwa, mafuta yanakauka, vyuma vinasagana. Akasema iache. Ijumaa ya tatu nikamuuliza inachelewa dakika ngapi. Ijumaa ya nne nikamuuliza kama anaitia ufunguo vizuri au anaulazimisha. Akasema iache. Ijumaa ya tano, nadhani alichoka kunisikia, akaitoa chini ya mto imefungwa kwenye leso.

"Ifute vumbi la nje tu," akasema. "Usiifungue. Na magharibi isiikute huko kwako. Iwe hapa."

"Ondoa shaka, mama."

Nilimwambia aondoe shaka, na tayari nilikuwa nimeshachagua bisibisi.

Kibandani nikashusha mlango nusu, nikaosha mikono mara mbili kama daktari wa kwenye filamu, nikavaa lenzi jichoni. Naomba nisimulie nilichokiona, kwa sababu sitakiona tena, na kwa sababu wateja wangu hawajali.

Uso wake ulikuwa mweupe, lakini mweupe usiotulia: una mikunjo midogo midogo, kama fungu la mchanga maji yakishatoka. Mtu amekaa akaifanya mikunjo ile, halafu akaiacha bila kuipigia kelele. Mishale ilikuwa imechongwa kingo kali kiasi kwamba ukiigeuza kidogo upande mmoja unawaka na wa pili unakuwa mweusi, na hakuna mahali mwanga unapomwagika. Ubavu wa kasha nikautumia kama kioo. Nikaona pua yangu imenyooka, haikupinda hata kidogo, jambo ambalo kioo cha nyumbani kwangu hakijawahi kunifanyia. Miaka kumi na moja mzee amepiga randa na saa ile mkononi, imepata mikwaruzo, na bado kingo zake ziko palepale.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Lo! Kifuniko chenyewe ni chuma kitupu, si cha kioo, maana yake ndani hakuna anayetarajiwa kuchungulia. Na ndani kulikuwa kumepambwa kuliko nje. Mistari imepigwa juu ya vyuma kwa usawa wa kutisha. Kila pembe imepunguzwa na kung'arishwa, hata pembe iliyogeukia ukuta wa kasha, hata kitundu ambamo skrubu inapita. Skrubu zenyewe ni za buluu, na buluu ile si rangi, ni chuma kilichochomwa moto mpaka kikafika pale mafundi wake walipopataka. Vijiwe vyekundu vimelala kwenye vishimo vyao. Na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, jembamba, linapumua haraka haraka bila fujo. Nilitaka kumwita mtu aone, nikakumbuka jirani yangu anauza kuku wa kukaanga.

Sikugusa skrubu hata moja. Nina wazimu, lakini si wa kiwango hicho. Nikafunga, na hapo ningeinuka nikarudi Miburani, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Lakini nikaiona tarehe. Dirisha dogo upande wa kulia linasema sita. Nikatazama simu: tarehe kumi na tisa. Nikacheka. Masikini mama, anaitia ufunguo kila siku na tarehe imempotea zamani. Mishale ilikuwa kwenye saa ya Kiswahili, kumi na mbili ni machweo, hiyo nilijua, wazee wote huweka hivyo. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nikavuta kifundo cha ubavuni, nikaisogeza mishale mbele kuipima. Ilipofika kumi na mbili, tarehe ikaruka. Haikutambaa kama za kwetu zinazohama polepole mpaka mtu anabaki na namba mbili nusu nusu. Iliruka kwa mpigo mmoja, safi, mpaka nikatabasamu.

Halafu nikahesabu. Kumi na mbili ile ni ya jioni. Ala! Tarehe inabadilika jioni? Watu bado wanakunywa chai, nguo bado ziko kwenye kamba, na siku imeshakwisha? Nikasema hapana, mashine ya heshima namna hii haiwezi kuachwa ikasema uongo. Tarehe huruka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya mishale, kwa hiyo nikaendelea kuizungusha mbele mpaka ikarudi nane na nusu, ili tarehe iwe inaruka alfajiri kama siku za watu timamu, nikaweka kumi na tisa. Nikaifuta kwa kitambaa laini. Nilijisikia kama nimemfanyia baba kitu ambacho hakuwahi kuniruhusu kumfanyia.

Saa kumi na moja nilikuwa Miburani. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umeifungua?" "Nimeifuta tu." Aliipokea, akaifunua leso, akaitazama mishale, akaridhika. Mimi nikasubiri. Nilitaka aone tarehe mwenyewe, ashangae, nijidai.

Magharibi ilipokaribia mama akavaa miwani, akakaa kitandani upande wa ukutani, pembeni yake akaacha nafasi ya mtu. Akaishika saa kwa mikono miwili. Adhana ikaanza, ikaendelea, ikaisha. Mama bado anatazama. Akaisogeza karibu na miwani, akaitoa mbali.

"Leo haikuruka," akasema.

"Itaruka asubuhi!" Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. "Ilikuwa na kosa, mama, nimeirekebisha. Tarehe ilikuwa inabadilika jioni."

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Mwezi wa Ramadhani ukionekana, tarawehe unasali lini?"

"Usiku uleule."

"Kabla hujafunga hata siku moja?"

"Kabla."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku inaingia maghari—"

Nimesoma chuo cha Kurani miaka sita, nimechapwa kwa ajili ya jambo hilohilo, nafunga kwa hesabu hiyo kila mwaka, na alasiri nzima halikunijia.

"Na hii kumi na tisa," mama akauliza, "ya nani?"

"Ya serikali," nikasema.

"Baba yako aliweka tarehe ya mwezi. Mwezi ukiandama anaiweka moja. Mwezi huu nimeiweka mimi, shangazi yako ndiye aliyetoka nje kuutazama."

Shangazi akatokea mlangoni na maji ya udhu yanamdondoka. "Ameharibu hesabu ya eda huyu!"

"Eda unaihesabu wewe," mama akamwambia. "Kila asubuhi unanisomea zimebaki ngapi, utadhani nimefungwa. Nenda kaswali."

Shangazi akaondoka ananung'unika. Mama akanieleza bila kuniangalia. Baba alipogundua kwamba ile saa ukiiweka kwa Kiswahili tarehe inaruka machweo, alicheka siku nzima. Wajapani wametengeneza saa ya Kiislamu, alisema, na hawajui. Basi kila jioni, kabla ya kwenda msikitini, anakuja kukaa pale kitandani, wanaitazama wote wawili mpaka iruke. Ikiruka, baba anasema: "Haya, tumepewa nyingine." Halafu anavaa kofia anaondoka. Miaka kumi na moja. Tangu amefariki mama anakaa peke yake na kusema mwenyewe.

"Nipe," nikasema. "Nipe mama, dakika moja tu. Naiweka sita, nazungusha mishale mara moja, itaruka sasa hivi, utaiona."

"Hiyo utakuwa umeirusha wewe."

"Si ni ileile?"

"Si ileile. Ile inakuja yenyewe. Ya leo imepita, sikupewa." Akaifunga kwenye leso. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Nilikwambia usiifungue."

"Mama, mimi ni fundi." Sauti yangu ilipanda, siwezi kuficha. "Miaka yote kaniletea takataka za kijiji kizima, mpaka meno ya watu! Saa moja ya maana, hii moja, hakuniletea hata niishike. Aliniona sina mikono?"

"Mikono alisema unayo," mama akasema. "Alikuwa akikusifu sana kwa watu, hukujua tu. Nilimwambia mpelekee mwanao aisafishe, atafurahi. Akasema, 'Yule mikono anayo. Ila haulizi.'"

Jibu nilikuwa nalo. Mimi jibu huwa ninalo, tena matatu. Nikafungua mdomo, na kilichonijia ni zile Ijumaa tano: inachelewa dakika ngapi, mafuta yamekauka, ufunguo unaulazimisha. Sikuwa nimemuuliza kitu kingine katika nyumba ile tangu tumzike baba.

Ile nafasi aliyoiacha kitandani sikuthubutu kuikalia. Nikakaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

"Mama," nikasema. "Unaendeleaje?"

Akairudisha leso chini ya mto.

"Nalala ukingoni, huku ukutani," akasema. "Kitanda chote hiki ni changu sasa, na bado nalala ukingoni, nisimzibie akirudi kutoka msikitini."