Wakili Asiyebeba Salamu

Mdogo wangu alikamatwa uwanja wa ndege wa Stockholm siku aliyorudi kutoka nyumbani, na jambo la kwanza alilofanya ni kukataa wakili. Polisi walimwuliza kama anamtaka, akawajibu kwamba hana haja, kwa kuwa hana kosa. Ndivyo tulivyolelewa. Mtaani kwetu mtu akionekana na wakili, majirani husema, "Kumbe ana jambo." Basi akakaa peke yake mbele ya polisi wawili na mkalimani wa kwenye simu. Akaulizwa ule mfuko uliokutwa na dawa za kulevya chini ya dagaa ni wa nani. Akasema ni wake.

Haukuwa wake. Nilijua, kwa sababu kabla hajapanda ndege alinipigia simu akaniambia, "Dada, nimeshafika uwanjani. Nina sanduku langu na mzigo wa Mama."

Huyo Mama si mama yetu wa kutuzaa. Ni mama wa Farsta, mtaa wa hapa Stockholm, aliyetupokea tulipofika nchi hii, mimi kwanza na mdogo wangu baadaye. Alitulaza sebuleni kwake, akatufundisha kuvaa nguo za baridi, akanitafutia kazi yangu ya kwanza katika nyumba ya wazee Hallonbergen, na nilipojifungua ni yeye aliyekuja kwangu Alby kunikanda kwa maji ya moto. Watanzania, Wakenya, hata Wakongo wa kanisani kwetu humwita Mama. Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam, kurudi lazima abebe mzigo wa Mama. Huletewa uwanjani ukiwa umeshonwa mdomo, naye haufungui. Kufungua mzigo wa mtu ni sawa na kumwambia mwenyewe kwamba ni mwizi. Na pale kwenye kaunta ukiulizwa kama umefunga mizigo yako mwenyewe, unasema ndiyo, kama wenzako wote waliotangulia kwenye foleni.

Alipopelekwa mahakamani ili awekwe mahabusu, hakuweza tena kukaa bila wakili. Jaji alimwuliza anamtaka nani. Hapa mtuhumiwa huruhusiwa kumtaja wakili anayemtaka, na serikali ndiyo inayomlipa. Asiyemjua yeyote hupewa. Mdogo wangu hakumjua yeyote. Sisi tunawajua wauza mchele, wasusi na wachungaji, lakini nani kati yetu aliyewahi kuweka namba ya wakili wa jinai kwenye simu yake? Akapewa mwanamke mfupi, mwenye mvi na sauti ya chini.

Tukakatazwa kumwona. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna hata kumpungia mkono. Wakili peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia kwake, kwa hiyo nikampigia yeye.

"Anaendeleaje?"

"Ni mzima."

"Amesema nini?"

"Siruhusiwi kukuambia."

"Basi mfikishie salamu zangu. Mwambie dada yako anasema useme ukweli kuhusu ule mzigo."

"Hapana," akasema. "Sibebi ujumbe. Nisamehe, hata salamu."

Nilikata simu kwa hasira. Kwetu hata mtu mliyegombana naye hubeba salamu. Nikajiambia kwamba mdogo wangu amepewa jiwe limtetee.

Jumamosi jumuiya yetu ilikutana kuzungumzia wakili. Tulikutana wapi? Nyumbani kwa Mama, Farsta. Tulikula pilau yake, tukaketi kwenye makochi yake, na naamini zaidi ya nusu ya waliokuwemo walijua mzigo ule ulikuwa wa nani, maana nani asiyeijua mizigo ya Mama? Hakuna aliyesema. Tulikuwa tunafunika kombe mwanaharamu apite, ila safari hii mwanaharamu alikuwa amekaa mahabusu na ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mwenyekiti akafungua kwa sala. Kisha kaka mmoja Mkenya akasema, "Dada, hebu fikiria. Huyo loya analipwa na serikali. Mwenye kumshtaki pia analipwa na serikali. Hao ni wao kwa wao. Tutafute wetu."

Mama alikuwa amesimama na upawa mkononi. "Mimi ninamfahamu mmoja," akasema. "Mwanamume mchangamfu sana, hana siri na watu. Ukimwuliza, anakueleza kila kitu. Mtoto abadilishiwe wakili."

Nina mdomo ambao umeniponza mara nyingi, na siku ile sikujaribu kuuzuia. "Atamweleza nani kila kitu, Mama? Wewe?"

Mwenyekiti akasema, "Dada, adabu." Mama akauweka upawa juu ya sufuria taratibu.

"Mimi pia niliombwa, mwanangu," akasema. "Ni watu wa marehemu dada yangu walioniomba nipokee dagaa wao. Sikujua kilichomo."

Nilimwamini. Namwamini mpaka leo. Lakini kumwamini hakukunipunguzia hasira hata kidogo. "Basi nenda ukaseme hayo," nikamwambia.

"Nikamwambie nani? Uzee huu nikaumalizie jela ya Wazungu?"

Nikachukua koti langu nikaondoka. Hakuna aliyenisindikiza hadi stesheni, na kwa watu wetu hilo ni tusi kubwa.

Hata hivyo nilikwenda kwa wakili, kwa sababu nami nilitaka abadilishwe. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili na dirisha linalotazama ukuta. Nikamwambia familia imeamua kutafuta mtu mwingine.

"Anayeweza kunibadilisha ni yeye," akasema. "Mimi si wakili wa familia. Ni wakili wake."

Nikasimama. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango aliponiuliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Kwenu, mtu akipewa mzigo wa mwenzake aupeleke, huufungua?"

Nilicheka kwa uchungu. Kisha nikarudi nikakaa, kwa sababu tangu mdogo wangu akamatwe hakuna Mswidi aliyeniuliza swali lenye maana kama lile. Nikamweleza. Akauliza, je, kama mwenye mzigo ni mdogo kwako? Nikasema hapo unaweza kuuliza kilichomo, kwa utani. Na kama ni mkubwa kwako? Huulizi. Na watu wa nje wakikuuliza mwenye mzigo ni nani?

"Mdogo hamtaji mkubwa wake mbele ya watu wa nje," nikasema. "Labda atajwe na mkubwa mwenzake, au na mtu aliye kati yao."

"Katika jambo hili, aliye kati yao ni nani?"

Kumbe yule jiwe alikuwa anasikiliza muda wote. "Ni mimi," nikasema, na nikafungua mdomo kumsimulia ile simu ya uwanjani. Akainua mkono kunizuia.

"Ngoja. Lazima nimwulize yeye kwanza. Akikataa, sitakuita."

"Hata kama ningemwokoa?"

"Hata hivyo."

Nilimchukia, na papo hapo nikajua kwamba sitaki tena abadilishwe. Tangu utotoni mdogo wangu ameamuliwa mambo na watu wanaompenda, na mimi nikiwa wa kwanza wao: shule gani asome, nchi gani aje, mzigo wa nani abebe. Sasa alikuwa amepata mtu asiyekubali kusogeza mguu bila kumwuliza. Nilishuka ngazi za ofisi ile nikilia.

Siku chache baadaye wakili akanipigia. Mdogo wangu alikuwa amekataa kumtaja Mama kwa kinywa chake. Lakini alikubali mimi niitwe.

Siku ya kesi nilikaa nje ukumbini, kwa kuwa shahidi haruhusiwi kuingia kabla hajaitwa. Mlango wa lifti ukafunguka akatoka Mama, amevaa kitenge chake cha Pasaka chini ya koti zito. Yeye aliruhusiwa kuingia ndani akasikilize kama mtu yeyote. Hakuingia. Alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi. Tulikuwa hatujasemeshana tangu siku ya pilau.

"Shikamoo, Mama," nikasema, maana hasira haifuti shikamoo.

"Marahaba."

"Leo nitakutaja."

"Najua."

"Unaweza kuondoka."

"Niende wapi?" Akajifunga vizuri kilemba chake. "Ila ukinitaja, nitaje jina langu kamili, na la baba yangu. Usiseme mama mmoja wa Farsta. Nina jina mimi."

Nilimshika mkono. Miezi yote ile nilikuwa nimetamani awe mtu mbaya, ili kazi yangu iwe rahisi, naye alikuwa amekataa kunisaidia.

Kipaza sauti kikaniita. Ndani, jaji aliniambia kwamba kwa kuwa mimi ni dada wa mshtakiwa silazimiki kutoa ushahidi, na hata nikitoa sitaapishwa. Nikamtazama wakili anipe ishara. Alikuwa anatazama karatasi zake. Hata mimi aliniachia niamue mwenyewe.

Nikasema nitatoa. Wakili akaniuliza mdogo wangu aliniambia nini kwenye simu, nikayarudia maneno yake. Akaniuliza huyo anayeitwa Mama ni nani. Nikataja jina lake na la baba yake, polepole, ili mkalimani asikosee. Mdogo wangu akafunika uso kwa mikono miwili. Mwendesha mashtaka akaomba mapumziko, akatoka nje na simu sikioni.

Mchana ule mahakama iliamua kwamba mdogo wangu hatarudi mahabusu wakati hukumu inasubiriwa, na hukumu ilipokuja ilimwachia huru. Mchana ule ule, alipotoka mlangoni, nilifungua mikono yangu. Akatazama nyuma yangu, kwenye benchi.

"Dada, Mama yuko wapi?"

Polisi wawili walikuwa wamekuja wakati wa mapumziko. Waliongea naye kwa upole, wakambonyezea lifti, wakashuka naye. Nilimwambia hivyo hivyo. Ndani ya treni hadi Alby hakunitazama.

Kesho yake asubuhi nilianza kumtafutia Mama wakili. Yule wetu hakuweza kumchukua, kwa kuwa alimtetea mtu wa kesi ile ile. Niliwapigia wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikapata karani mwenye subira aliyesema atamwuliza Mama kama anamtaka wakili wao. Kabla ya kukata simu akauliza mimi ni nani kwake.

"Ni mwanawe," nikasema. "Mimi ndiye niliyemtaja."