Nilifunga frigo la chanjo kama mashine ya mayai

Admin, nifiche jina kabisa. Huku Kasongo ukitaja herufi moja tu, watu wanamalizia jina lote.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, nina mke na watoto watatu. Ni fundi wa umeme wa jua, lakini kilichonipa sifa ni kuveze, zile mashine za kuangulia mayai. Nimetengeneza nyingi mpaka mjini wananiita Baba Kuku, na mimi nilikuwa naitikia kwa maringo. Maringo hayo ndiyo yamenileta kwenu leo.

Kaka wa mke wangu ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Wamaza, huko Kabambare. Frigo, yaani jokofu lao la chanjo, liliharibika themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima motor kufuata joto, na kipimo cha ndani kilikuwa kimevunjika. Mkubwa wa afya wa huko akanipa themostati ya kisasa. Haina namba za kusoma, ina taa moja tu na kadi ya simu, na asubuhi na jioni inatuma ujumbe wa joto la ndani. Akaniambia mbele za watu kwamba hii ikifanya kazi, vituo vingine vyote vya Kabambare nitafunga mimi. Nilivimba kichwa, sitawadanganya.

Jumamosi nikapanda pikipiki na vifaa vyangu. Simu ya shemeji ni ya zamani, haipokei zile ripoti, basi nikaandikisha namba yangu mwenyewe. Akauliza, "Sasa mimi nitajua namna gani kama iko muzuri? Sioni namba."

Nikamjibu, "Weye usiguse kitu, usifungue-fungue mulango. Mimi niko naona yote ku simu. Kukiwa shida nitakupigia."

"Basi niko natumainia weye, shemeji."

Themostati hiyo ina njia mbili za kutoa umeme, moja ya kupasha na nyingine ya kupoza. Kwenye kuveze natumia ya kupasha: joto likishuka, inawasha, likipanda, inazima. Miaka saba mkono wangu unaenda huko wenyewe hata nikiwa napiga soga. Siku ile nilikuwa napiga soga, na mkono ukaenda hukohuko. Kwa sababu frigo lilikuwa limejazwa barafu zilizokuja na chanjo, lilikuwa na baridi tayari, kwa hiyo motor iliwaka mara moja. Nikaona ujumbe wa kwanza: nyuzi nne, joto linalofaa chanjo. Nikala ugali na kuku, nikarudi nyumbani nikiimba.

Jumapili ujumbe ukasema sifuri. Jumatatu, tatu chini ya sifuri. Nilikuwa sokoni, na palepale nilijua nimefunga kinyume. Kadiri frigo lilivyopoa ndivyo motor ilivyozidi kuzunguka. Na chanjo zile, shemeji aliwahi kunieleza, zikiganda hata mara moja zinakufa, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima.

Ningepiga simu. Dakika moja tu! Lakini nikawaza vile vituo vyote, nikawaza watu watakavyocheka, Baba Kuku ameangulia barafu. Nikasema kesho nitaenda kurekebisha kimyakimya. Jumanne mvua ikanyesha, Jumatano pia, barabara ikawa tope tupu. Pano, zile sahani za umeme wa jua, hazikupata mwanga, batri ikapungua mpaka ikashindwa kuzungusha motor. Alhamisi asubuhi ujumbe ukasema nne. Nikajiambia imejipanga yenyewe. Sikuamini hata mimi, lakini nilijiambia hivyo.

Alhamisi ndiyo siku yao ya chanjo. Shemeji alifungua, akakuta vichupa viko sawa, akachoma watoto kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa binti yake wa miezi miwili, ili mama wengine wasiogope.

Jumamosi nikafika, nikahamisha nyaya, nikamwambia nimekaza visikurubu tu. Akanishukuru, akanifungia ndizi nimpelekee dada yake.

Wiki iliyopita wasimamizi wakaja. Chini ya vichupa kuna kikadi ambacho chanjo ikiganda kinaweka alama ya msalaba. Wakakuta msalaba. Shemeji akaapa kwamba siku ya kuchoma dawa ilikuwa nzima, wakaamua basi iliganda baadaye, yeye ndiye aliyechezea mashine. Wamemsimamisha kazi. Chanjo zilizobaki zimetupwa, lakini wale watoto kumi na tisa hakuna aliyewaita tena. Mama zao wanajua wamekingwa. Siku ya kweli ya kuganda iko kwenye simu yangu peke yake.

Jana alinipigia. "Shemeji, wananisemea mimi ndiye niligandisha dawa. Mimi sikugusa hata musumari. Kazi yako najua haina kosa. Weye kuja tu useme vile uliniambia nisiguse, na mimi sikugusa."

Kesho asubuhi wanamhoji hapa Kasongo na mimi nimeitwa kama fundi. Nikisema, kazi imekwisha, jina limekwisha, labda nitafungwa, na sijui mke wangu ataniangalia kwa macho gani. Nikinyamaza, shemeji ameharibikiwa, na ugonjwa ukifika Wamaza utawakuta watoto wale wako wazi. Mara mbili leo nimefungua ule ujumbe wa Jumatatu nikitaka kuufuta. Kidole kimekataa.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza, kisha mniambie la kufanya, na mniambie leo leo. Mke wangu yuko hapa mbele yangu, ananipigia pasi shati jeupe la kwenda kumtetea kaka yake.