Adolphine, mgawa zamu za mashine Kindu

Saa tano asubuhi, Adolphine hatulii. Anachungulia mawingu mlangoni, anagusa betri ya umeme wa jua, anarudi kitini, anasimama tena. "Jua, jamani, usitutupe leo!"

Katika chumba hiki kidogo cha utafiti mjini Kindu, kazi yake ni kugawa umeme, laini ya setilaiti na zamu. Kompyuta za hapa zinaandaa hesabu. Mashine ya kwantamu, kompyuta ya aina nyingine kabisa iliyoko ng'ambo, inafanya kipande kigumu na kurudisha majibu. Za hapa zinasahihisha, zinatuma tena. Zikikawia, mashine inakaa bure na zamu inapotea.

Zamu ya leo ni ya Joëlle, mtafiti anayetafuta dawa ya malaria. Ya kwanza iliharibiwa na kukatika kwa umeme. Wenye mashine wameonya: hii nayo ikipotea, nafasi ya Kindu watapewa wengine.

Kazi ya kugawa aliianza wakati wa vita, akiwa binti, kwenye foni, ile redio ya kuwaitia ndugu. Njia ya kwenda Pangi, kwenye machimbo, ilifungwa, na mji mzima ulipanga mstari mlangoni kwake. "Muntu akifiwa, njo anapita mbele. Hakuna kuuliza," anasema. "Ule ninayemukata ananiambia neno lake la mwisho. Akirudi, anaanzia pale."

Zamu inafunguka. Namba zinakwenda na kurudi, Joëlle anatabasamu. Mara Ramla, jirani muuza mihogo, anaingia bila hodi. Kaka yake amefukiwa na udongo machimboni Pangi, amefariki. Dereva wa pikipiki ndiye aliyeleta habari. Simu za mji zimekatika tangu jana.

"Dada, nisaidie nimupate mama. Iko misheni kule Pangi, kwenye setilaiti yao. Kaka wanamuzika leo!"

Laini haitoshi sauti na hesabu kwa pamoja.

"Mama Adolphine, usikate! Tumekaribia!" Joëlle anapiga kelele.

"Hifadhi namba ya mwisho, mwanangu. Haraka!"

Anakata hesabu, anaita misheni. Ramla na mama yake wanalia pamoja hewani. Ng'ambo, mashine inangoja kidogo, kisha inampa mwingine zamu. Joëlle ameinamia meza, analia. Adolphine anazunguka chumba.

"Nimeumia, nisiseme uongo," anasema. "Lakini nimuambie mufiwa angoje mashine? Aka!"

Sasa anataka kutafuta laini ya pili, ya wafiwa na wagonjwa, na kuwaandikia wenye mashine leo hii. "Wakitupa zamu, tutaanzia pale tulipoacha. Wasipotupa, nitaomba tena. Watachoka wao kwanza."

Joëlle anainua kichwa, anafuta macho.

"Andika na jina langu, mama. Waambie tumekata sisi wawili."